Namna ya Kusimulia Upya Hekaya ya Kale Bila Kuipoteza

Katika kitabu cha 21 cha Iliad, utenzi wa Homer wa Kigiriki juu ya vita vya Troy, mkuki wa Asteropaeus unamchubua Achilles mkono wa kulia na damu nyeusi inamtoka. Shujaa ambaye leo husimuliwa kuwa hadhuriki popote isipokuwa kisiginoni, katika utenzi wa zamani kabisa tulio nao juu yake anavuja damu kama askari mwingine yeyote. Habari ya mama yake kumzamisha katika maji ya mto Styx akiwa mtoto mchanga, huku amemshika kisigino, tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa mwishoni mwa karne ya 1 B.K., yapata miaka mia nane baada ya Iliad.

Sisemi kwamba kisigino kifutwe. Ni ubunifu mzuri, nao umeishi muda mrefu kiasi cha kupata haki yake ya kuwapo. Ninachosisitiza, na ndicho msingi wa mwongozo huu wote, ni kwamba anayesimulia hekaya ya kale anapaswa kujua kila kipande cha hadithi yake kimetoka kwa nani na katika zama zipi, kisha awe mwaminifu kwa wasomaji wake kuhusu kipande alichokiongeza yeye mwenyewe. Akifanya hivyo ana uhuru mkubwa wa kubadili. Asipofanya hivyo, hata akikusudia kuitunza hadithi, ataipotosha bila kujua. Hatua zifuatazo zinamfaa mwandishi wa hadithi fupi, mtunzi wa mchezo wa redio, mtayarishaji wa video, mwalimu, na mtu yeyote anayetaka kuwasimulia wengine jambo lililosimuliwa kabla yake.

Hatua ya kwanza: Jua umeshika nini mkononi

Kabla ya kuandika neno la kwanza, amua kama unashughulika na kisasili, kisakale au historia. Kisasili hueleza mambo ya miungu, asili ya ulimwengu, kwa nini kuna kifo na kwa nini binadamu hutaabika. Kisakale humhusu mtu au mji unaosadikiwa kuwa uliwahi kuwapo, ingawa matendo yanayosimuliwa yamekuzwa kupita kiasi cha binadamu. Historia hutegemea ushahidi unaoweza kuchunguzwa na mtu mwingine.

Mipaka hiyo haikai mahali pamoja. Gilgamesh, kwa mfano, anaorodheshwa katika Orodha ya Wafalme wa Sumer kuwa mfalme wa Uruk, lakini orodha hiyohiyo inampa miaka 126 ya utawala, na tenzi zinamfanya awe mungu kwa theluthi mbili. Huenda alikuwapo mfalme mwenye jina hilo. Anayesimuliwa ni mwingine. Andika katika sentensi moja jinsi unavyomwona mhusika wako mkuu: mtu wa imani, mtu wa masimulizi, au mtu wa kumbukumbu zilizoandikwa. Sentensi hiyo itakuongoza kila utakapojiuliza unaruhusiwa kubuni kiasi gani. Na ikiwa hadithi uliyoichagua bado ni sehemu ya ibada ya watu walio hai, iandike ukijua kwamba wao ni miongoni mwa wasomaji wako, na kwamba unaloliita kisasili wao huliita dini.

Hatua ya pili: Soma matini ya zamani kabisa, tena uisome yote

Watu wengi husimulia hadithi za kale kwa kutegemea muhtasari wa muhtasari. Matokeo yake ni kwamba wanaitaja Iliad kuwa chanzo cha farasi wa mbao aliyetumiwa kuiteka Troy, ilhali Iliad inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy, mji ukiwa bado umesimama na farasi hajatajwa. Farasi anatajwa katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, kama jambo lililokwisha kupita, na simulizi ndefu tunayoijua sote, yenye kuhani Laocoön na nyoka wa baharini, imo katika kitabu cha pili cha Aeneid ya Virgil, mshairi wa Roma wa karne ya 1 K.K. aliyekuwa akisimulia upande wa walioshindwa. Anayejua hilo anaweza kuamua kwa makusudi kumfuata Virgil. Asiyelijua atamfuata bila kukusudia, na atachukua pamoja naye huruma yote ya Virgil kwa watu wa Troy akidhani ni ya Homer.

Tafuta tafsiri kamili yenye namba za mistari, ili uweze kurudi mahali ulipoona jambo na kumwelekeza mwingine. Kama huijui lugha ya asili, tafuta tafsiri mbili zilizofanywa katika vipindi tofauti, kisha linganisha fungu moja tu la hadithi neno kwa neno. Mahali tafsiri hizo zinapoachana ndipo penye jambo la kuchunguza.

Mfano bora ninaoujua ni wa Pandora, mwanamke ambaye hekaya ya Kigiriki inasema aliyaachia maafa duniani. Kila mtu amesikia habari za sanduku la Pandora. Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyeandika yapata mwaka 700 K.K., hakutaja sanduku. Alitumia neno pithos, yaani mtungi mkubwa wa udongo wa kuhifadhia nafaka, mafuta au divai, ambao mara nyingi ulifukiwa nusu ardhini na ambao mtu mmoja asingeweza kuubeba. Kiswahili kinalo neno linalokaribia sana: kasiki. Katika karne ya 16 mwanazuoni Erasmus, akiandika kwa Kilatini, aliweka neno pyxis, yaani kikopo au kijisanduku chenye kifuniko, na tangu hapo Ulaya yote ikaanza kuchora msichana aliyeshika kijisanduku mkononi.

Kosa hilo linaonekana dogo, lakini tazama linavyoibadili hadithi. Kijisanduku ni kitu cha siri, zawadi ya kubebwa, na anayekifungua ana kosa la udadisi. Kasiki ni ghala la nyumba. Mwanamke anayeinua kifuniko cha kasiki anafanya kazi ya kila siku ya kuwapatia watu wake chakula, na maafa yanatoka palepale ambapo riziki ilipaswa kutoka. Hesiod anasema tumaini peke yake lilibaki ndani, chini ya ukingo wa mtungi, kabla kifuniko hakijarudishwa. Je, lilibaki humo likiwa akiba ya watu, au likiwa limefungiwa wasilipate? Wasomi wamebishana juu ya mstari huo kwa muda mrefu, nami naona kwamba ubishi huo unaeleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka kuwa kinachozungumziwa ni ghala. Mwandishi wa leo anayeirudisha kasiki mahali pake hajabuni chochote, na bado atakuwa na hadithi mpya.

Hatua ya tatu: Panga matoleo kwa tabaka

Chukua karatasi na uigawe kwa safu wima nne: kipindi, msimulizi, anachosema, na kipya alichokileta. Jaza kuanzia juu, toleo la zamani kabisa likiwa la kwanza. Usiandike maoni yako katika karatasi hii. Kazi yake ni kukuonyesha jinsi hadithi ilivyokua, kama ukuta wa udongo uliokatwa unavyoonyesha mchanga wa kila mafuriko.

Nitaonyesha kwa Medusa, yule kiumbe wa kike wa hekaya za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, kwa sababu ndiye anayesimuliwa upya zaidi siku hizi na ndiye anayechanganywa zaidi.

Tabaka la kwanza ni la Hesiod. Kwake, Medusa ni binti wa miungu wa baharini Phorcys na Ceto, mmoja wa Gorgon watatu, viumbe wa kike wa kutisha, pamoja na dada zake Stheno na Euryale. Dada hao hawafi wala hawazeeki. Medusa peke yake ndiye wa kufa. Poseidon alilala naye katika mbuga laini yenye maua ya majira ya kuchipua. Shujaa Perseus alipomkata kichwa, farasi Pegasus na Chrysaor wakatoka katika mwili wake. Hakuna hekalu, hakuna laana, wala hakuna neno juu ya uzuri wake uliopotea. Medusa alizaliwa Gorgon.

Tabaka la pili ni la wasanii wa karne ya 7 na ya 6 K.K., waliomchora kwenye vyombo vya udongo na kumchonga kwenye mahekalu, kama lile la Artemis kisiwani Corfu: uso mpana unaokutazama moja kwa moja, ulimi umetoka nje, meno kama ya nguruwe mwitu. Kisha, mwaka 490 K.K., mshairi Pindar anamtaja kuwa mwenye mashavu mazuri. Neno moja tu, lakini katika karatasi yako litaonekana kama ufa ambao maji mapya yanaanza kupita, kwa kuwa baada ya hapo wasanii nao wanaanza kumpa uso wa mwanamke wa kawaida.

Tabaka linalofuata ni la Ovid, mshairi wa Roma, katika Metamorphoses iliyokamilika karibu na mwaka 8 B.K. Hapa Medusa ni msichana mrembo, na nywele zake ndizo zilizosifiwa kuliko kitu chochote mwilini mwake. Neptune, yaani Poseidon kwa jina la Kirumi, anamnajisi ndani ya hekalu la Minerva, yaani Athena. Mungu huyo wa kike anageuza uso pembeni, kisha anamwadhibu msichana, si Neptune, kwa kuzigeuza nywele zake kuwa nyoka.

Kutoka hapo unaweza kuruka hadi Perseus wa shaba aliyetengenezwa na Benvenuto Cellini na kuzinduliwa Florence mwaka 1554, akiwa ameinua kichwa cha Medusa juu ya mwili wake, na kisha hadi mwaka 2008, mchongaji Luciano Garbati alipotengeneza Medusa aliyesimama ameshika upanga na kichwa cha Perseus. Mwaka 2020 sanamu hiyo ya Garbati ilisimamishwa New York, katika bustani iliyo mkabala na majengo ya mahakama.

Sasa soma karatasi yako kutoka juu hadi chini. Utaona kwamba wanaosema Medusa aliyedhulumiwa ni uzushi wa siku hizi wamekosea, kwa sababu dhuluma hiyo ina umri wa miaka elfu mbili. Utaona pia kwamba wanaosema huyo ndiye Medusa wa asili, ambaye wengine walimficha, nao wamekosea, kwa sababu Hesiod alimtangulia Ovid kwa karne saba na hakusema hivyo. Ugomvi mwingi unaozuka juu ya hadithi za kale zinazosimuliwa upya ungepoa kama kila upande ungetaja tabaka unalolisimamia. Mwandishi anayetaka Medusa aliyedhulumiwa ana haki kamili ya kumchukua kwa Ovid. Aseme tu kwamba amemchukua huko.

Hatua ya nne: Uliza nani alisimulia na alifaidika na nini

Hatua hii inahusu zaidi historia kuliko visasili. Cleopatra wa Saba, malkia wa Misri, alikufa mwaka 30 K.K. Vita vilivyomwangusha vilitangazwa na Roma dhidi yake yeye, si dhidi ya Antony, mshirika wake wa Kirumi, ingawa Octavian, kiongozi wa Roma, alikuwa akipigana na Mrumi mwenzake. Ilimfaa Octavian kwamba adui aonekane kuwa malkia mgeni mwenye kuwalaghai wanaume. Karibu kila tunachosimuliwa juu ya tabia ya Cleopatra kimepitia kwa watu walioandika chini ya utawala wa aliyemshinda au wa waliomrithi. Plutarch, ambaye simulizi yake ndiyo iliyozaa nyingi za baadaye, aliandika zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo hicho. Yeye mwenyewe anataja habari ya nyoka aliyeletwa katika kapu la tini, anataja na sumu iliyofichwa, kisha anasema wazi kwamba ukweli haukujulikana na mtu. Nyoka akabaki katika masimulizi. Ungamo la Plutarch likasahauliwa.

Kwa hiyo ongeza safu ya tano kwenye karatasi yako, uandike humo: msimulizi huyu alikuwa akila kwa nani?

Hatua ya tano: Pambanisha masimulizi na ushahidi wa ardhini

Heinrich Schliemann alichimba Hisarlik, nchini Uturuki, akiwa ameshika maneno ya Homer kama ramani. Mwaka 1873 alipata dhahabu nyingi akaiita hazina ya Priam, mfalme wa Troy katika Iliad. Baadaye ilibainika kwamba dhahabu ile ilitoka katika tabaka la mji lililotangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja kipindi ambacho vita vya Troy hudhaniwa kuwa vilipiganwa, na kwamba katika kuchimba handaki lake kubwa aliharibu sehemu ya matabaka ya juu ambayo ndiyo yangemhusu. Aliitafuta hadithi kwa haraka hata akaipita. Lakini haifai kuishia hapo na kusema hadithi ni uongo mtupu, kwa kuwa hati za Wahiti, watu wa kale wa nchi hiyohiyo, zinautaja mji wa Wilusa katika eneo hilohilo, ambao wataalamu wengi wanaulinganisha na Ilios, jina la pili la Troy, na mfalme wake Alaksandu, jina linalokaribia sana Alexandros, ambalo ni jina jingine la Paris, mwana wa Priam.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wasomaji wa Kiswahili ni Tarihi ya Kilwa. Habari za kuanzishwa kwa dola hiyo zimetufikia kwa njia mbili: moja ni muswada wa Kiarabu, na nyingine ni ya mwandishi Mreno João de Barros, aliyechapisha mwaka 1552. Muswada wa Kiarabu unasema baba na wanawe sita waliondoka Shiraz kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake, na moja likafika Kilwa. Barros anamtaja Ali peke yake, mmoja wa ndugu saba, aliyedharauliwa na wenzake kwa sababu mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, naye akaondoka kwenda kujitafutia mahali. Zote mbili zinakubaliana kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Tazama tofauti hiyo kwa jicho la msimulizi: hadithi moja inahusu ukoo mtukufu unaosambaa pwani nzima, na nyingine inamhusu kijana anayekimbia dharau ya ndugu zake. Ukizichanganya bila kujua, utapoteza zote mbili.

Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alikuta kwamba watu walikuwa wakiishi kisiwani kabla ya nasaba iliyoanzishwa na wageni hao, naye akauweka ujio wake mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zikiwamo sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan, ambalo limehusishwa na Ali wa tarihi, pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 10 na ya 11, na tarehe hiyo ikalazimika kurudishwa nyuma. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kuanzia karne ya 13. Ulionyesha kwamba kuchanganyika kwa damu za Afrika na Asia, hasa Uajemi, kulianza yapata mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Afrika ilitoka upande wa akina mama ilhali ya Uajemi ilitoka zaidi upande wa wanaume.

Mwandishi afanye nini na hayo yote? Mimi naona asikimbilie kutangaza kwamba tarihi imethibitishwa, wala kwamba imekanushwa. Uchunguzi haumtaji Ali wala hauhesabu majahazi. Unachomwambia msimulizi ni kwamba katika hadithi ya kuanzishwa kwa Kilwa kuna watu wengi ambao tarihi iliwapita kimya: wanawake wa pwani waliokuwa pale kabla jahazi halijatia nanga, na ambao bila wao hakuna nasaba. Huo ndio mlango ambao ushahidi humfungulia mwandishi. Haumpi hadithi nyingine, bali unamwonyesha nani ameachwa nje ya ile aliyo nayo.

Hatua ya sita: Chagua badiliko moja, na ujue litakugharimu nini

Sasa ndipo unapoanza kutunga. Ushauri wangu ni kubadili jambo moja kubwa tu na kuyaacha mengine yasimame, kwa maana msomaji hufurahia badiliko anapoweza kuona kilichobadilika.

Chukua Fumo Liyongo. Habari zake zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utenzi unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa shujaa mwenyewe aliishi karne nyingi kabla ya hapo na wataalamu hawajaafikiana ni karne ipi. Mfalme wa Pate anamwogopa na kumfunga. Mjakazi Saada humletea chakula kila siku, na kila siku walinzi hukitwaa kilicho kizuri. Liyongo anamtuma kwa wimbo: mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate ule, Liyongo anaipata tupa, na kelele za ngoma ya gungu nje zinaifunika sauti ya chuma kikikatwa. Baadaye mwanawe mwenyewe anarubuniwa na mfalme, anamwuliza baba ni kitu gani kinaweza kumwua, na baba, akijua nia yake, anamjibu: sindano ya shaba kitovuni. Akishachomwa, Liyongo anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima na kufia hapo akiwa ameuvuta uta, hata watu wakaogopa kuteka maji wakidhani angali hai.

Unaweza kumfanya mwana asiwe na hatia, kwa mfano kwa kusema alidanganywa na hakujua sindano ile ingefanya nini. Wasomaji wengine watapenda. Lakini badiliko hilo linavunja uti wa mgongo wa hadithi, kwa kuwa uzito wake wote umo katika baba anayejua na bado akajibu. Ukiondoa ujuzi wa mwana kwamba anaua, unaondoa pia ukubwa wa jibu la baba. Gharama hiyo ni kubwa mno, na mimi nisingeilipa.

Au unaweza kuacha kila tukio mahali pake na kuhamisha dirisha tu. Msimulie kupitia kwa Saada:

Mikate mizuri waliitwaa walinzi, kama kila siku. Saada alisimama akiwatazama wakiimega, mikono yake ikiwa imeushika ule mmoja wa wishwa walioukataa, mzito kuliko mkate unavyostahili kuwa mzito.

Sentensi hizo mbili hazijaongeza tukio hata moja lisilokuwamo. Nilichoongeza ni uzito wa mkate tu, na uzito huo ni lazima uwepo, kwa kuwa tupa ni chuma. Hata hivyo mtu aliyekuwa pembeni amekuwa katikati: Saada anajua alichobeba, na uhai wake unategemea kiburi cha walinzi kisichokubali kula wishwa. Tafuta katika hadithi yako mtu wa namna hiyo, aliyegusa kitu kilichoamua kila kitu kisha masimulizi yakampita. Angalia pia mahali ambapo hadithi ya kale inanyamaza. Mama yake Liyongo anapokwenda kisimani kumsihi mwanawe aliyekwisha kufa bila yeye kujua, ukimya ulio kati yao una nafasi ya kutosha kwa mwandishi mwenye subira.

Hatua ya saba: Majina na msamiati

Chagua mfumo mmoja wa majina na usitoke humo. Kama miungu yako ni ya Kigiriki, basi ni Poseidon na Athena mpaka mwisho. Kama umemfuata Ovid, ni Neptune na Minerva. Kuchanganya ni dalili ya kwanza inayomwonyesha msomaji makini kwamba hukujua tabaka lako.

Katika msamiati, kagua kila neno linalobeba wazo la zama zetu. Troy haikuwa na wananchi wala serikali. Ilikuwa na watu wa mji na mfalme. Usiogope maneno ya Kiswahili yaliyo adimu kama ndiyo yanayotaja kitu chenyewe: kasiki, podo, uta, ngao, tarishi, mjakazi. Lakini usiyarundike ili kuipa kazi harufu ya ukale. Neno la zamani liingie pale tu ambapo neno la kawaida lingekitaja kitu kingine.

Hatua ya nane: Soma kwa sauti, kisha weka maelezo ya msimulizi

Hadithi hizi zilisikilizwa kabla ya kusomwa. Msomee mtu kwa sauti asiyeijua hadithi, na utie alama mahali anapokukatiza kuuliza "nani tena huyo?" Mara nyingi ni majina mengi mno yaliyotajwa kwa pamoja. Msomee pia mtu anayeijua, na umwulize jambo moja tu: ni wapi alishtuka? Kama alishtuka mahali ulipobadili kwa makusudi, ni vyema. Kama alishtuka kwingine, rudi kwenye karatasi yako.

Mwishoni mwa kazi weka maelezo mafupi, mistari mitatu au minne inatosha, ukitaja uliyemfuata, ulichobadili na ulichobuni. Kwa hadithi ya Saada ningeandika hivi: Hadithi hii inafuata utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Nimeisimulia kupitia kwa Saada, ambaye katika utenzi mawazo yake hayaelezwi. Anayoyafikiri mbele ya walinzi nimeyatunga mimi. Wimbo, mkate na tupa ni vya utenzi.

Wako wanaoona kwamba maelezo kama hayo yanaiharibu hadithi. Mimi nimeona kinyume chake: msomaji akishajua mpaka uko wapi, hurudi kusoma tena ili auone kwa macho yake.

Chini ya maelezo hayo andika tarehe, kwa sababu hata matini za zamani kabisa hubadilika. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Sulaymaniyah, nchini Iraq, lilinunua kibao cha udongo ambacho kilikuja kutambuliwa kuwa ni cha sehemu ya tano ya utenzi wa Gilgamesh, na mwaka 2014 mistari yake isiyokuwa imejulikana ikachapishwa. Ndani yake Msitu wa Mierezi, ambao wasimulizi waliuzoea kuwa mahali pa kimya na pa kutisha, umejaa sauti za ndege, nyenje na nyani wanaomwimbia Humbaba, mlinzi wa msitu huo, kama wanamuziki wa mfalme. Na Enkidu, baada ya kumwua mlinzi huyo na kuikata mierezi, anamwambia rafiki yake Gilgamesh kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa, akiuliza watamjibu nini mungu Enlil. Aliyeisimulia safari ile kabla ya 2014 alikuwa sahihi kwa tarehe yake. Anayeisimulia leo bila majuto ya Enkidu airudie karatasi yake ya safu tano na kuongeza mstari.